SOMO: Kumwonjesha mgeni muvi za kung fu za damu nyingi

Nimeulizwa hili hadi mdomo umekauka: "Hizo takataka mnazipendea nini, na mimi nianzie wapi?" Basi someni hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Tafuta wenzako, watatu au zaidi.

2. Watoto walale kwanza.

3. Spika iwe kubwa. Ile milio ya ngumi ni nusu ya starehe.

4. Chagua muvi ya kwanza kwa akili. Hapa ndipo wageni wengi hupotezwa. Mtu anarukia Riki-Oh (Hong Kong, 1991) kwa sababu ndiyo yenye sifa. Mle ndani mfungwa anajitoa matumbo yake mwenyewe ili amnyonge nayo staringi. Mgeni akikutana na hilo kabla hajajua anatazama kitu cha aina gani, anaaga, na hutampata tena. Hong Kong wenyewe waliipa daraja la III, la watu wazima pekee. Anza na Master of the Flying Guillotine (1976). Jimmy Wang Yu aliiongoza na kuiigiza pia, akiwa bondia wa mkono mmoja. Anayemwinda ni mzee kipofu mwenye silaha mfano wa kofia yenye visu, imefungwa mnyororo, inang'oa vichwa. Katikati kuna shindano, na mmoja wa wapiganaji anarefusha mikono. Mgeni atacheka kabla ya kuogopa, na ndivyo inavyotakiwa.

Tahadhari: usimwambie mapema kwamba muvi ni mbaya, atatazama akiwinda makosa tu. Kagua nakala pia. Nyingine zimekatwa pale pale penye damu.

5. Pigano la kwanza likiisha, rudisha nyuma umwonyeshe. Kamera imekaa mbali, watu unawaona kuanzia kichwani hadi unyayoni, na mapigo yanafuatana bila picha kukatwakatwa ovyo.  Kazi kubwa iko mwilini mwa waigizaji. Halafu damu inachuruzika, nyekundu kama rangi ya mlango, na hakuna anayedhani ni damu. Ndiyo maana watu hushangilia mtu akikatwa kichwa: wameona ujanja ulivyofanywa, na wanampongeza aliyeufanya.

6. Riki-Oh sasa.

MASWALI

— Linki iko wapi?
Somo ni la kutazama. La kupakua sijaandika.

— Si hizi ndizo zinaharibu vijana wetu?
Hatua ya 2 umeisoma, mzee?

— Omera, mimi nimekulia banda la video hapa Manyatta. Bila DJ Afro siwezi kutazama. Ni makosa?
Hapana kabisa, na swali lako ni zuri. DJ Afro, msimulizi wetu wa muvi za kigeni, hatafsiri tu, anaongeza utani wake na kumpa adui maneno ambayo hakuyasema. Majirani zetu Uganda wana ma-VJ wanaofanya vivyo hivyo. Tafuta Who Killed Captain Alex? (2010) ya Isaac Nabwana, iliyopigwa Wakaliga, Kampala. VJ Emmie anaongea juu ya muvi nzima, anaisifu na kuikejeli papo hapo. Ile ya Wang Yu itazame mara mbili, na DJ kisha bila DJ. Mara ya pili utaona miguu.

— Kaka, niko Kakamega, tuna kikundi cha maigizo. Hiyo damu wanaitengenezaje?
Dada, karibu. Watu wa Nabwana kule Wakaliga walianza na damu ya ng'ombe, mwigizaji akaugua, wakaiacha. Wakahamia rangi ya chakula ndani ya kondomu, inapasuliwa kifuani. Msitumie damu ya mnyama hata mkipewa bure buchani.

— Sisi Nyalenda tunachemsha sukari guru na maji hadi iwe nzito, ikipoa tunatia rangi nyekundu ya keki. Inatoka nyeusi-nyeusi, kama damu ya kweli.
Hiyo nimeipenda. Lakini hukuwataja sisimizi.

— Wanakuja, ndiyo. Pigeni picha haraka.

— Inatoka kwenye nguo?
Maji baridi kabla haijakauka. Shati la shule msiguse.