SOMO: Kutoa utafiti wa chuo kabatini mpaka sokoni bila kuuua njiani

Wakuu, salaam. Kila wiki PM (ujumbe binafsi) inajaa swali lile lile: "Nimemaliza utafiti wangu chuoni, nataka niufanye biashara, naanzia wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka yote hapa, na atakayenifuata PM nitamtumia linki ya uzi huu.

Mfano wangu ni kikaushio cha zabibu cha jua. Sisi wa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na wanunuzi wakilegea zabibu zinaozea shambani, kwa hiyo kila mtu ataelewa.

1. Jua mali ni ya nani. Soma vitu vitatu: mkataba wa ajira, sera ya miliki bunifu (haki juu ya kazi za ubunifu) ya chuo, na mkataba wa fedha za utafiti (ziwe za MTUSATE, mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, kupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, au za mfadhili mwingine). Ukiwa mwajiriwa na umetumia maabara ya chuo, kwa kawaida mmiliki ni chuo. Wewe ni mvumbuzi mwenye haki ya kutajwa na kupata mgao. Mwanafunzi asiye mwajiriwa huenda hali yake ikawa tofauti, akaangalie alichosaini siku ya usajili.

2. Toa taarifa ya uvumbuzi kwenye kurugenzi ya utafiti. Kwa fomu, si kwa mdomo. Fundi aliyekata bati kwa kufuata mchoro wako si mvumbuzi. Fundi aliyekuonyesha namna ya kuzuia vumbi la Agosti lisiingie kwenye trei ni mvumbuzi, muandike.

3. FUNGA MDOMO. Hapa ndipo nilipochemka mimi, kwa hiyo someni taratibu. Hataza (patent, haki ya pekee juu ya uvumbuzi) hutolewa kwa kitu kipya, na upya haupimwi kwa Tanzania tu, unapimwa kwa dunia nzima. Ukishakiweka hadharani, wewe mwenyewe ndiye uliyekiua. "Hadharani" si jarida peke yake. Ni tasnifu iliyopandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya maktaba. Ni bango la mkutano. Ni kibanda cha Nane Nane pale Nzuguni, au meza ya MAKISATU (mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), mgeni anafungua mlango wa kikaushio, anahesabu trei, na wewe kwa furaha unamweleza hewa inaingilia wapi na kwa nini. Hata ikisiri ya mkutano inahesabika, na mara nyingi waandaaji huiweka mtandaoni wiki kadhaa kabla ya wewe kupanda jukwaani.

Mpangilio salama ni huu: andika maelezo, michoro na madai (yaani kile hasa unachotaka kilindwe), wasilisha BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), au ARIPO (shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, Harare) kama unataka nchi kadhaa kwa ombi moja, ukishapata tarehe ya kuwasilisha, ndipo uchapishe. Kuanzia tarehe hiyo una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine kwa Mkataba wa Paris huku ukilinda tarehe yako ya kwanza. Tasnifu iombee zuio la muda maktaba, na mtahini wa nje asaini kutunza siri. Zipo nchi zenye msamaha kwa aliyejianika mwenyewe, ila kila moja ina masharti yake. Usiujengee nyumba msamaha huo.

Onyo la pili hapa hapa: usidai "kikaushio cha jua". Hicho kipo tangu zamani. Dai kile ambacho ni chako tu, mfano jinsi trei za juu na za chini zinavyobadilishana nafasi bila kufungua chumba. Kabla ya kuandika madai, kesha kwenye Espacenet na Patentscope, tovuti za kutafuta hataza zilizopo. Ni bure.

4. Jiulize kama unahitaji hataza kweli. Mwaka 2016 sumukuvu (sumu ya kuvu kwenye nafaka) iliua watu Dodoma na Manyara. Maarifa ya kukausha mahindi mpaka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na kuyaweka juu ya chaga hayafungiwi hataza; mpe afisa ugani ayasambaze. Aina mpya ya mbegu nayo ina njia yake: haki za wagunduzi wa mbegu kwa sheria ya 2012, na uthibiti wa TOSCI (taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu). Programu ya kompyuta inalindwa kwa hakimiliki.

5. Jaribu kwa mtumiaji, si maabara. Peleka vikaushio vitatu Hombolo au Mpunguzi, waachie wakulima msimu mzima, usikae pembeni kuwarekebisha. Hesabu ya kukagua: zabibu mbichi zina maji kama asilimia 80, kwa hiyo kilo 10 zina kilo 2 tu za kitu kikavu. Ukitaka zibaki na maji asilimia 16, trei iliyoanza na kilo 10 iondoke ikiwa na kilo 2.4 hivi. Pima kila saa mbili na uandike. Trei moja ikifika na nyingine bado, hewa haizunguki sawa, rudi karakana.

6. Piga hesabu kabla ya kwenda kwa mwekezaji. Chukulia zabibu ni Sh 1,200 kwa kilo. Kilo moja ya zabibu kavu inakula kilo 4.2, yaani Sh 5,040 kabla ya vikonyo, vibarua, mfuko na usafiri. Kama duka halinunui juu ya hapo, kikaushio chako ni kizuri na hakina biashara.

7. Leseni au kampuni. Ukipata mwenye karakana tayari, mpe leseni (ruhusa ya kutengeneza na kuuza). Kampuni fungua pale tu ambapo hakuna wa kumpa. Kwenye leseni weka: eneo, muda, mrabaha (malipo kwa mwenye haki) juu ya mauzo, kima cha chini kwa mwaka, na kifungu cha kurudisha haki kama hakuna hata kimoja kilichouzwa ndani ya miezi 18. Bila kifungu hicho mtu atakalia teknolojia yako mpaka izeeke.

8. Usajili wa kampuni: mtandaoni BRELA, uwe na namba ya NIDA na TIN. Chakula: TBS, ndio wenye kazi hiyo tangu 2019, si TFDA ya zamani. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO (shirika la viwanda vidogo) akachukue barua ya utambulisho.

Maswali chini.

---

Kizota Boy: Mkuu nimeshapost video Insta, naweza kupata hataza?

Mleta somo: Hatua ya 3 umeisoma? Kilichoonekana kwenye video kimekwenda. Ambacho hakikuonekana bado ni kipya, dai hicho. Na acha kupost.

Kizota Boy: Ilikuwa sekunde 30 tu.

Mleta somo: Sekunde moja inatosha kuonyesha trei.

Mwl. Chamwino: Nisiporipoti chuoni nikasajili kwa jina langu, nani atajua?

Mleta somo: Mwekezaji wa kwanza makini. Atauliza fedha za utafiti zilitoka wapi, utatoa mkataba, na biashara itaishia mezani. Sijibu tena swali la kukwepa chuo.

Binti Hombolo: Samahani kaka, naomba kueleweshwa. Utafiti umelipwa na kodi zetu. Kwa nini chuo kituuzie tena leseni?

Mleta somo: Dada, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Mwenye karakana hatatumia mamilioni kwa vipimo na vifaa kama jirani atamwiga kesho yake, ndiyo maana anapewa ulinzi. Marekani walilikabili kwa sheria ya Bayh-Dole ya 1980: chuo kinabaki na umiliki wa uvumbuzi uliogharamiwa na serikali, ila serikali inabaki na leseni ya kuutumia, na inaweza kulazimisha wengine wapewe leseni mwenye haki akiukalia. Kwetu unaweza kuyaandika hayo kwenye mkataba: leseni isiyo ya pekee, bei nafuu kwa vikundi vya wakulima, na chuo kiendelee kufundishia bure. Mwanasheria wa chuo akisema haiwezekani, mwombe akuonyeshe kifungu.

Binti Hombolo: Asante sana. Na mrabaha kwa nini juu ya mauzo, si faida?

Mleta somo: Faida ni rahisi kuifuta: posho za wakurugenzi, gari, "gharama za utawala". Mauzo yanaonekana kwenye risiti za EFD. Kikaushio cha Sh 900,000 kwa asilimia 3 kinakupa Sh 27,000 kila kimoja, wapate hasara au wasipate. Andika tu kwamba ni mauzo kabla ya VAT, msije mkagombana.

Mzee wa Mizabibu: Nje ya mada kidogo. Zabibu zangu zinachelewa kukauka, ganda gumu.

Mleta somo: Shikamoo mzee. Ganda lina nta. Zichovye kwenye maji yenye potasiamu kaboneti gramu 25 kwa lita, na mafuta ya kula ya zeituni mililita 20 hivi, koroga mpaka yawe meupe. Zinakauka haraka zaidi.

Mzee wa Mizabibu: Marahaba. Magadi ya sokoni Majengo hayafai?

Mleta somo: Magadi ni chumvi za sodiamu, na nguvu yake haitabiriki, fungu hili si kama lile. Nunua ya daraja la chakula, utunze na risiti, TBS wataiulizia.

Kizota Boy: Hiyo ya kuchovya ina hataza?

Mleta somo: Haina. Ni mbinu ya siku nyingi. Hiyo sasa post.