Somo: Snachi na klini ni kazi ya miguu

Snachi ni kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja; klini ni kukileta mabegani, na jeki ni kukisukuma kutoka hapo hadi juu ya kichwa. Wengi wanaotufuata kujifunza hapa Majengo, Moshi, wanatoka kwenye vyuma vya kujenga kifua. Mikono wanayo, na ndiyo inayowaponza. Snachi ikianza tu kuwa nzito wanakunja viwiko na kuvuta. Chuma hurushwa na miguu na nyonga. Mikono inakishikilia tu mpaka wakati wa wewe kuingia chini yake. Kiwiko kikikunjwa mapema, nguvu ya miguu haifiki kwenye chuma.

Hatua ya 1: Kwanza pima kimo cha chuma. Sahani (zile duara za uzito zinazowekwa pande mbili za chuma) za mashindano zina kipenyo cha milimita 450, kwa hiyo chuma kinakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Sisi wa sahani ndogo na zege la kwenye kopo, chuma kinalala chini mno na mgongo unajikunja kabla hujaanza. Weka matofali au matairi chakavu chini ya sahani mpaka upate kimo hicho. Usione ni jambo dogo.

Hatua ya 2: Mshiko. Dole gumba lizunguke chuma, kisha vidole viwili vya kwanza vilifunike. Linauma wiki mbili tatu, halafu linazoea. Kwa snachi tanua mikono mpaka, ukisimama wima, chuma kikae kwenye mkunjo wa nyonga.

Hatua ya 3: Jifunze kuanzia juu kwenda chini. Hapa ndipo ninapowachosha watu, lakini siachi. Anza na bomba la plastiki au chuma kitupu. Simama wima, inama kidogo kwa kurudisha nyonga nyuma, kisha simama kwa nguvu kama unataka kuruka, na uchuchumae ukikipokea juu mikono ikiwa imenyooka. Ukikielewa hicho, shusha chuma mpaka juu kidogo ya magoti na urudie. Mwisho kabisa ndiyo uanze sakafuni. Mtu anayeanzia sakafuni siku ya kwanza hukinyakua kwa haraka, chuma kinagonga magoti, kinakwenda mbele, naye anakikimbilia.

Kutoka sakafuni usiwe na pupa. Mabega yawe mbele kidogo ya chuma, kifua na nyonga viinuke pamoja. Magoti yarudi nyuma kukipisha, nacho kiinuke karibu na mwili kiasi cha kugusa suruali. Kikishavuka magoti, hapo sasa toa nguvu zote. Jirekodi kwa simu kutoka ubavuni: ukiona mwanga kati ya chuma na mapaja, umeshajua kosa liko wapi.

Hatua ya 4: Klini na jeki. Kanuni ni zile zile, mikono tu inakaribiana zaidi. Pokea chuma mabegani, viwiko vikitazama mbele. Kwenye jeki, shuka wima kwa magoti bila kuinamisha kifua, sukuma, kisha gawa miguu mmoja mbele mmoja nyuma. Unapojirudisha, mguu wa mbele ndio unaoanza.

Hatua ya 5: Nguvu. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Snachi kwanza ukiwa hujachoka, marudio mawili au matatu kwa seti, halafu klini, mwisho skwati (kuchuchumaa na kusimama chuma kikiwa mabegani). Ukikosa mara mbili mfululizo, punguza uzito. Ushindani wa vijiweni hauna medali.

Kipimo kizuri: mnyanyua vyuma Lasha Talakhadze wa Georgia, alipoweka rekodi zake Tashkent mwaka 2021, alinyanyua snachi kilo 225 na klini na jeki kilo 267. Snachi ni kama asilimia 84 ya ile nyingine. Yako ikiwa asilimia 65, usiongeze skwati. Rudi hatua ya 3.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpagazi, jana nimeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka. Kesho naweza kuja?

Marahaba. Hapana, pumzika siku tatu. Kuteremka kunaumiza mapaja kuliko kupanda, maana msuli unafanya kazi huku ukivutwa. Ukirudi, nyanyua nyepesi bila kuchuchumaa mpaka chini. Najua utaniambia mzigo wa kilo 20 ni sawa na chuma kitupu, ila huo hukuurusha juu ya kichwa.

Mwalimu, dole gumba langu halifiki kwenye huo mshiko. Nina viganja vidogo. (Dada wa Kiboriloni)

Dada, unashika chuma cha wanaume, cha milimita 28. Cha wanawake ni milimita 25 na kilo 15. Kama jimu yenu hawana, funga dole kwa plasta na ushike kwa kidole kimoja badala ya viwili.

Chaki ya ubaoni inafaa mikononi?

Haifai. Inayotumika ni ya magnesiamu, inakausha jasho. Ya ubaoni ni unga wa kuteleza tu. Ukikosa, kitambaa kikavu ni bora.

Kaka, vyuma vyetu ni vya zege. Snachi ikinishinda nikiangushe?

Zege litapasuka, na sakafu ya mwenye nyumba pia. Kwa vyuma hivyo usifike uzito wa kukushinda. Kishushe mapajani kwanza, ndipo chini. Ukipata sahani za mpira, kisukume mbele na wewe uruke nyuma. Zoezi la kukitupa lifanyike na uzito mwepesi, kabla hujalihitaji.