Somo: Kuchunguza vijana balehe wanavyohusiana. Tazama kwanza, dodoso baadaye

Habari zenu ndugu zangu. Wengi mnaofanya utafiti hapa Dodoma mnakimbilia dodoso. Mtoto wa miaka 14 ukimuuliza ana marafiki wangapi, atakupa jibu la kumfurahisha mwalimu. Mimi hufuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Ridhaa. Shirika la Afya Duniani linahesabu balehe kuanzia miaka 10 hadi 19, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Tafuta ridhaa ya mzazi, kisha ya kijana mwenyewe. Mzazi akisaini na mtoto akakataa, mwache. Mtaani, pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa.

Hatua ya 2: Kaa utazame. Hapa usiwe na haraka. Niliwahi kukaa wiki mbili karibu na bomba la maji Chang'ombe. Siku tatu za mwanzo mabinti walinyamaza kila nilipofika. Ya nne wakarudia soga zao, na rede ikaanza huku ndoo zikisubiri foleni. Maandishi ya siku zile tatu niliyaweka kando, maana yalionyesha wanavyomchukulia mgeni tu. Kila baada ya dakika 5 andika nani yuko na nani, nani kaanzisha maneno, nani kasimama pembeni. Andika "kageuka, kachukua ndoo, kaondoka". Usiandike "kakasirika", hilo hujaliona.

Hatua ya 3: Chora mahusiano. Njia hii ilienezwa na daktari wa akili Jacob Moreno huko Marekani miaka ya 1930. Kila mmoja ataje watatu ambao angependa kukaa nao dawati moja, nawe uchore mishale. Anayepata mishale mingi utamtambua mara moja. Wewe mtafute asiyepata hata mmoja.

Hatua ya 4: Siku yao nzima. Watafiti Mihaly Csikszentmihalyi na Reed Larson waliwapa wanafunzi 75 wa eneo la Chicago vifaa vya kuwaita ghafla kwa wiki moja. Kikilia, kijana anaandika yuko na nani na anajisikiaje. Matokeo yalitoka 1984. Kwetu simu haziruhusiwi shuleni, hivyo daftari dogo la jioni linatosha.

Maswali ya wanachama

*Nikiwauliza wasiyempenda, si nitaleta ugomvi?*
Unaweza kuuleta. Watafiti Coie, Dodge na Coppotelli (1982) waliuliza pande zote mbili, anayependwa na asiyependwa, wakaweza kumtenganisha anayekataliwa na asiyeonekana kabisa. Hao ni watoto wawili tofauti, na swali la anayependwa pekee linawachanganya. Hata hivyo, kama u mgeni katika kazi hii, acha swali hilo, utegemee ulichoona hatua ya 2.

*Akiniambia anapigwa nyumbani?*
Usimwahidi siri ya kila kitu. Mweleze mapema kwamba akiwa hatarini utatafuta msaada. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, Simu ya Mtoto.

*Dada, sijui Kigogo, nao wanachanganya lugha. Nifanyeje?*
Tafuta msaidizi kijana anayekijua, lakini asiwe jirani yao, maana hawatasema kitu mbele yake. Kisha kwenye daftari lako ongeza safu moja: wamehamia Kigogo saa ngapi, na nani alikuwa amefika.