Kumwandalia mtoto mchezo wa mikono nyumbani

Mtoto wa miaka 2 hadi 5 hujifunza kwa kushika, kumimina, kubonyeza na kubomoa, na vifaa vya kazi hiyo tayari vimo jikoni. Kabla ya kununua vitu vya betri, ambavyo mara nyingi hucheza vyenyewe huku mtoto akitazama, weka kikapuni sufuria ndogo yenye mfuniko, mwiko, vikombe vya plastiki vya ukubwa mbalimbali na kipande cha khanga kuukuu. Usijaze kikapu, kwani vitu vikizidi mtoto huvirukia vyote asitulie na kimoja.

Kwa kufinyanga, changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi, kisha utie maji kidogo kidogo, yapata kikombe 1, mpaka donge liache kunata mikononi. Donge hili haliliwi, kwa kuwa chumvi yake ni nyingi mno na unga ni mbichi. Mtoto ambaye bado hutia kila kitu mdomoni mpe ugali uliopoa.

Mchezo wa maji huchezwa uani, katika beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili au vitatu, nawe ukiwa umeketi papo hapo. Usiondoke hata kwenda kuitikia hodi, maana mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache kama hayo bila kupiga kelele. Mchezo ukiisha, yamwage.

Mwenye miaka 4 anaweza kupewa hindi kavu alipukuchue, kazi inayoimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Kwa aliye chini ya miaka 3, punje, maharagwe, kete za bao na vizibo vya soda viwekwe mbali, kwa sababu humkaba au huingia puani.

Lililo gumu kwa mzazi ni kunyamaza. Mfuniko unapokataa kukaa, mkono wako utataka kuuweka sawa, uzuie. Mwache augeuze, augonge, aujaribu kwa upande wa chini, na akikutazama kuomba msaada, shika sufuria isiteleze, mfuniko umwachie yeye. Badala ya kumhoji rangi na idadi, taja unachokiona: “Umemimina yote.” Maji yakimwagika sakafuni, mpe tambara ayafute na kulikamua mwenyewe, kisha wewe upitie palipobaki ili asiteleze.