Javac inakwambia klasi haipo na wewe unaiona? Cheki njia uliyoipa

Faili lipo, unaliona kabisa kwenye folda, halafu javac (kompaila ya Java) inakuandikia "package duka does not exist". Mimi hii ilinila jioni nzima, mpaka nikafuta Java nikaweka upya na bado ikagoma vilevile, nitakwambia baadaye ilikuwa nini.

Kwanza elewa kwamba kompaila haizunguki kwenye mashine yako kutafuta klasi. Ukiacha klasi za Java yenyewe ambazo inazijua, inaangalia pale ulipoitajia tu, basi. Na import haileti kitu, wengi tunadhani inaenda kuchukua faili, wapi, inakupa ruhusa ya kuandika Bei badala ya duka.Bei kila saa. Kazi ya kupata klasi ni ya klasipathi, ile orodha unayoiweka kwenye -cp.

Tuseme una mradi hivi:

src/duka/Bei.java
src/duka/Kuu.java
lib/gson-2.10.1.jar

Hiyo .jar ni kifurushi cha klasi zilizokwisha kukompailiwa, hapa ni Gson, maktaba ya watu wengine unayoitumia. Juu ya mafaili yote mawili ya Java umeandika package duka. Javac ikitaka duka.Bei inageuza nukta kuwa /, inapata duka/Bei, halafu inaibandika mwishoni mwa kila folda uliyoitaja. Ukiweka -cp src itaangalia src/duka/Bei, ipo, safi. Ukiweka -cp src/duka (na hapa ndo watu wengi wanapotelea) itaangalia src/duka/duka/Bei, na hiyo haipo popote. Kwa hiyo unataja folda ambayo pakeji inaanzia, usiingie ndani ya pakeji yenyewe.

Tengeneza folda ya out (humo ndo zitawekwa .class, yaani klasi zilizokompailiwa), kaa kwenye mzizi wa mradi, piga:

javac -d out -cp "src:lib/*" src/duka/Kuu.java

Bei sijaitaja lakini javac itaikuta ndani ya src na kuikompaili humohumo, maana usipotoa -sourcepath inatafuta na mafaili ya .java kwenye klasipathi. Ile nyota inabeba jar zote zilizo ndani ya lib, ipo tangu Java 6, ila haishuki kwenye folda za ndani na haigusi mafaili ya .class. Weka alama za nukuu ili terminali isiifungue yenyewe. Walio Windows, badala ya : weka ;

Kuendesha:

java -cp "out:lib/*" duka.Kuu

Unaona lib imerudi tena? Waliotoka C wanashangaa hapa, wamezoea #include inayomwaga maandishi ya faili lingine ndani ya lao. Javac haiingizi Gson ndani ya klasi yako, inahakikisha tu kwamba ipo na metodi unazoziita zipo, kwa hiyo wakati wa kuendesha unaonyesha njia upya, usipoonyesha utakutana na NoClassDefFoundError wakati kukompaili kulienda freshi. Na ukiendesha kwa java -jar, hiyo -cp yako haisomwi kabisa, inafuata Class-Path iliyoandikwa kwenye manifesti ya jar, lile faili la maelezo lililo ndani yake.

Mpangilio nao una maana, inasoma kutoka kushoto na ya kwanza kuonekana ndo inachukuliwa. Ukiwa na Gson mbili za matoleo tofauti ndani ya lib, ukatumia nyota, Java haikuahidi ipi itatangulia, leo inakubali na kwenye kompyuta ya mwenzako inatupa NoSuchMethodError. Futa moja tu yaishe.

Sasa ile jioni yangu. Usipoweka -cp, javac inatumia variabo ya CLASSPATH (inayowekwa kwenye mfumo wa kompyuta, siyo ndani ya kodi yako), na kama nayo haipo ndo inatumia folda uliyosimama. Kuna programu niliiweka zamani iliandika CLASSPATH yake bila ile nukta ya folda ya sasa, so javac ilikuwa haitazami nilipo kabisa, na kuweka Java upya hakukugusa hiyo variabo hata kidogo. Cheki yako kwa echo $CLASSPATH, Windows ni echo %CLASSPATH%, ukikuta kitu humo kiondoe uwe unatumia -cp tu.

Ukikwama kabisa ongeza -verbose kwenye javac. Itamwaga maandishi mengi lakini tafuta mstari wa "search path for class files", hapo inakuorodheshea kila sehemu inayoangalia na kama folda yako haimo, umeshapata jibu.