Kupima dawa inayofifisha kumbukumbu ya hofu kwa panya wa maabara

Kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwa saa chache, kisha hujifunga tena. Dawa hufanya kazi katika mwanya huo tu. Utaratibu huu unafuata jaribio la wanasayansi wa ubongo Nader, Schafe na LeDoux la mwaka 2000, New York.

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kitangulie. Panya akiwa chini ya nusukaputi, pandikiza mirija myembamba kuelekea amigdala (sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu), kulia na kushoto, na umwache apone kabisa.

Siku ya 1, mpigie mlio wa sekunde 30 (kHz 5, desibeli 75) unaoishia na umeme wa miliampea 1.5 miguuni kwa sekunde 1. Mara moja inatosha.

Siku ya 2, mhamishie kizimba kisichofanana na cha jana, ili kinachomtisha kiwe mlio na si mahali. Mlio mmoja, bila umeme. Papo hapo mdunge anisomaisini, mikrogramu 62.5 katika mikrolita 0.5 kila upande, polepole. Dawa hii huzuia seli kutengeneza protini, ambazo kumbukumbu huzihitaji ili ijifunge tena. Haiyeyuki vizuri katika maji chumvi: tumia asidi ya hidrokloriki kidogo, kisha rudisha pH (kipimo cha uasidi) hadi 7.4. Usiporudisha, asidi itaunguza tishu nawe utadhani panya amesahau.

Siku ya 3, milio 3. Hesabu sekunde anazoganda, yaani hakuna kinachotikisika ila pumzi. Anayehesabu asijue nani alipewa nini.

Makundi ya kulinganishia ndiyo roho ya jaribio. Mbali na waliodungwa maji chumvi badala ya dawa, wawepo waliopewa dawa bila kusikia mlio, na waliodungwa saa 6 baada ya mlio. Wote hawa huendelea kuogopa. Wengine wapime saa 4 baada ya dawa: bado wataganda, kwa kuwa kinachokosekana ni kumbukumbu ya muda mrefu.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kukumbusha kupita kiasi. Suzuki na wenzake (2004) waliwarudisha panya wa jamii ndogo (mice) kwenye kizimba walimopigwa umeme: kwa dakika 3 dawa ilidhoofisha hofu, lakini kwa dakika 30 wanyama walikuwa wameanza kujifunza kwamba pako salama, na dawa ikafuta funzo hilo. Hofu ikabaki.

Mwishoni kata ubongo vipande vyembamba na ukague kwa hadubini. Ambaye ncha za mirija zilikosa amigdala, mtoe kwenye hesabu, hata kama matokeo yake yanakupendeza.