Namna ya Kuchagua Mafunzo ya Usanifu wa Uzoefu wa Mtumiaji na Ergonomia, na Kuyafaidi

Anayetafuta mafunzo ya usanifu wa uzoefu wa mtumiaji (UX), yaani kazi ya kusanifu vitu kwa namna ambavyo anayevitumia atavielewa na kuvimudu, hakosi kozi. Anachokosa ni kipimo cha kuzitofautisha. Tangazo moja humwahidi cheti kwa majuma machache, jingine humwalika kwenye shahada ya uzamili, na yote mawili hutumia maneno yale yale. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyapima mafunzo hayo kabla ya kulipa ada, na jinsi ya kuyasoma ukishajiunga, hasa kwa mtu anayekusudia kuifanya kazi hii kuwa taaluma yake. Kipimo ninachokishikilia ni kimoja: je, kozi itakuketisha mbele ya mtu halisi anayetumia kitu halisi, uandike ulichokiona, kisha ubadilishe usanifu kwa sababu hiyo? Kozi isiyofanya hivyo ni usomaji, nao usomaji una manufaa yake, ila ungeweza kuupata kwa gharama ndogo zaidi.

Asili mbili za taaluma hii

Ni vyema kuelewa mapema kwamba utakuwa unasoma fani mbili zilizokua kwa nyakati tofauti. Ergonomia, yaani taaluma ya mambo ya kibinadamu katika kazi na vifaa, ilipevuka katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza kwa nini marubani wa ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakikunja magurudumu baada ya kutua, ilhali walichokusudia ni kurudisha flapu, yaani vipande vinavyokunjuliwa nyuma ya mabawa. Alikuta kwamba vidhibiti vya vitu hivyo viwili vilikaa bega kwa bega na kufanana, na dawa yake ikawa kuvipa vishikio maumbo tofauti, kimoja kama gurudumu na kingine kama bawa, ili mkono utambue hata jicho likiwa kwingine. Mwaka 1947 watafiti Paul Fitts na Richard Jones walichambua masimulizi 460 ya makosa ya marubani katika kutumia vidhibiti, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la kushika kidhibiti kimoja badala ya kingine. Kutokana na kazi za namna hiyo wanafani walijifunza kukichunguza kifaa kabla ya kumlaumu anayekitumia, na huo ndio msimamo ambao mwanafunzi anapaswa kutoka nao darasani hata akisahau mengine yote.

Usanifu wa uzoefu wa mtumiaji ulikuja baadaye, pamoja na kompyuta. Jina lake lilienea baada ya mwanasaikolojia Don Norman kulitumia katika cheo chake alipokuwa kampuni ya kompyuta ya Apple mapema miaka ya 1990. Tofauti hiyo ya asili bado inaonekana katika mitaala. Kozi nyingi za uzoefu wa mtumiaji hushughulikia skrini, mtiririko wa kurasa, mahojiano na vielelezo vya awali (prototaipu), wakati zile za ergonomia hufundisha umakini, kumbukumbu, mzigo wa kiakili, vipimo vya mwili, mwanga, kelele na makosa ya binadamu. Anayelenga tovuti na programu za simu anaweza kuanzia upande wa kwanza. Anayelenga vifaa vya hospitali, ndege, magari au vyumba vya udhibiti wa mitambo hatavuka mlango bila upande wa pili, na kwa maoni yangu hata yule wa programu za simu atabaki na upungufu akiukwepa.

Kuupima mtaala kabla ya kulipa

Tenganisha kwanza cheti cha kuhudhuria na ithibati ya umahiri. Cheti cha kuhudhuria kinathibitisha kwamba ulikuwepo. Ithibati hutolewa na chombo kinachokupima, mara nyingi kwa mtihani na wakati mwingine kwa kukagua kazi zako. Bodi ya Marekani ya kuwaidhinisha wanaergonomia, iitwayo BCPE, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na elimu ya juu katika fani, uzoefu wa kazi na kufaulu mtihani. Chama cha wanaergonomia cha Uingereza, CIEHF, ambacho asili yake ni mwaka 1949 na kilipata hati ya kifalme mwaka 2014, huthibitisha pia ubora wa kozi za vyuo. Nielsen Norman Group, kampuni ya utafiti na mafunzo ya uzoefu wa mtumiaji iliyoanzishwa mwaka 1998, hutoa cheti chake kwa anayehudhuria kozi tano na kufaulu mtihani wa kila moja. UXQB, bodi ya kimataifa ya ithibati za uzoefu wa mtumiaji, nayo ina ithibati ya ngazi ya msingi iitwayo CPUX-F, na mtaala wake umewekwa wazi kwa yeyote kuusoma, jambo linaloufanya uwe rula nzuri ya kupimia mitaala ya watoaji wengine hata kama huna nia ya kufanya mtihani huo.

Ukiushika mtaala wowote, tafuta ndani yake uchambuzi wa kazi, jaribio la matumizi (kumtazama mtu akikitumia kitu ili kuona anakwama wapi), takwimu za msingi, makosa ya binadamu na ufikivu kwa watu wenye ulemavu. Usiridhike na neno “ufikivu” kutajwa tu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, una masharti yanayopimika, kama vile uwiano wa utofauti wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake katika ngazi ya AA, iliyo ya kati kati ya ngazi zake tatu, na kozi inayojiheshimu hukupa kurasa za kuzipima mwenyewe. Angalia vilevile kama kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-210, kilichohuishwa mwaka 2019, kinafundishwa, kwa kuwa ndicho kinachoeleza mchakato wa kusanifu kwa kumzingatia binadamu na ndicho waajiri wa viwanda vinavyodhibitiwa hukirejelea.

Baada ya hapo mwandikie mtoaji wa mafunzo, umuulize nani atakayesahihisha kazi zako, utawatazama washiriki wangapi kabla ya kumaliza, na kama washiriki hao watatoka nje ya darasa. Wanafunzi wanaojaribiana wao kwa wao wanajua tayari menyu iliyojificha iko wapi, na matokeo yao hayamfundishi mtu yeyote chochote. Majibu ya jumla jumla kwa maswali haya matatu ni sababu tosha ya kutafuta kwingine.

Jaribio la matumizi, mahali ujuzi unapojengwa

Ukishajiunga, weka nguvu nyingi zaidi hapa kuliko kwenye jambo lingine lolote. Anza na namna ya kuandika kazi atakayopewa mshiriki. Tuseme unajaribu programu ya kupanga miadi ya hospitali. Ukimwandikia, “Fungua Miadi, kisha ubadilishe tarehe,” umeshamwonyesha njia na hakuna kilichobaki cha kupima. Mwandikie hivi: “Umepata dharura siku uliyopangiwa kumwona daktari. Tumia programu hii kufanya unachoona kinafaa.” Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu kidole cha mshiriki kitazunguka juu ya kitufe kisicho sahihi na wewe utatamani kumsaidia. Akikuuliza, “Nibonyeze hapa?”, mrudishie swali kwa upole: “Kama ungekuwa peke yako, ungefanyaje?”

Uandishi wa maelezo nao una adabu yake. “Mtumiaji alichanganyikiwa” ni hukumu, wala haimsaidii mwanaprogramu. Andika kilichotokea: “Alibonyeza Wasifu, akarudi, akasoma menyu yote kwa sauti, kisha akasema, ‘Labda nipige simu tu.’” Kutoka kwenye sentensi hiyo timu nzima inaweza kuona kwamba neno alilolitafuta halimo kwenye menyu, na kwamba kila mtu wa namna yake atakuwa simu moja zaidi kwenye dawati la mapokezi. Omba mkufunzi asome maelezo yako ghafi, si ripoti iliyopambwa pekee. Akikataa, tafuta mwenzako mtakayetazama naye rekodi ile ile, kila mmoja aandike peke yake, kisha mlinganishe.

Suala la idadi ya washiriki hufundishwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoichambua, mshiriki mmoja hufichua takribani asilimia 31 ya matatizo, na hesabu hiyo huwafikisha washiriki watano kwenye asilimia 85 hivi. Mwongozo wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, wa mwaka 2016 unapendekeza angalau washiriki 15 kwa kila kundi la watumiaji katika jaribio la mwisho la kifaa tiba. Namba hizi hazipingani. Ya kwanza ni ya kutafuta kasoro ili uzirekebishe na kujaribu tena. Ya pili ni ya kuthibitisha kwamba kifaa kilichokamilika kinatumika kwa usalama. Isitoshe, asilimia 31 ni wastani, na tatizo linalompata mtu mmoja kati ya ishirini linaweza kupita mbele ya washiriki watano bila kuonekana.

Dodoso la SUS, ambalo mshiriki hujaza baada ya jaribio kueleza alivyoona urahisi wa kutumia mfumo, lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986, lina tahadhari ya aina hiyo hiyo. Lina maswali 10, kila moja likijibiwa kwa namba kati ya 1 na 5, na alama zake huenda kutoka 0 hadi 100, lakini hizo si asilimia. Katika maswali ya namba witiri unatoa 1 kwenye jibu. Katika yale ya namba shufwa unalitoa jibu kwenye 5. Kisha unajumlisha na kuzidisha kwa 2.5. Fanya hesabu hiyo kwa mkono angalau mara moja, nawe utaona kwamba anayejibu 3 kila mahali hupata 50, ilhali wastani wa mifumo mingi iliyopimwa ni karibu 68. Nimeona ripoti zinazojivunia 60 kana kwamba ni ushindi.

Upande unaorukwa

Kama kozi yako haigusi makosa ya binadamu, jifundishe kwa zoezi hili. Katika ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, tarehe 28 Machi 1979, taa ya paneli iliwaonyesha waendeshaji kwamba amri ya kufunga vali imetumwa. Wao waliisoma kana kwamba vali imefungwa kweli, na kipozeo kiliendelea kuvuja kwa zaidi ya saa mbili. Chukua mashine au programu yoyote unayoitumia, orodhesha kila taa, mlio na ujumbe wake, kisha uulize kwa kila kimoja: je, kinaniambia kilichoagizwa au kilichotokea? Ujumbe wa “Malipo yametumwa” utakupa kazi ya kutosha kwa jioni nzima.

Ongeza juu yake uchambuzi wa kazi. Igawe kazi katika hatua ndogo, kwa mfano kubadilisha mfuko wa dawa kwenye pampu ya dripu, na kwa kila hatua andika kinachoweza kukosewa, kama mtumiaji atagundua, na kama anaweza kurudi nyuma. Hatua ambazo kosa lake halionekani wala halirudishiki ndizo za kusanifiwa upya kwanza.

Jalada la kazi

Waajiri husoma majalada, yaani mikusanyo ya kazi ulizofanya, kwa haraka, hivyo miradi miwili iliyoelezwa kikamilifu inafaa kuliko kumi ya picha tupu. Katika kila mradi onyesha usanifu wa awali, mshiriki alikwama wapi, ulibadilisha nini, na jaribio la pili lilionyesha nini, hata kama lilionyesha kwamba badiliko lako halikusaidia. Usiweke washiriki waliobuniwa na akili unde mahali pa watu uliopaswa kuwatazama. Pata kibali cha maandishi cha kila mshiriki kabla ya kurekodi, ondoa majina, sura na sauti kwenye chochote utakachokionyesha hadharani, na kama mwajiri wako wa sasa hakuruhusu kutoa kazi zake nje, chagua huduma ya umma unayoweza kuijaribu kwa ridhaa ya wanaoitumia.